Redio ya gari ikigoma kusema, kagua maiki kabla ya kununua nyingine

Dereva wa lori anawasikia wenzake wote katika msafara, lakini yeye akibonyeza kitufe na kuongea hakuna anayemjibu. Akifika mjini, si ajabu kuambiwa kwamba redio imeungua na dawa yake ni kununua nyingine. Ushauri huo humfaa zaidi muuzaji kuliko mnunuzi. Redio inayopokea vizuri lakini haisikiki ikiongea, kitu cha kwanza cha kushukiwa ni maiki, waya wake au plagi yake, na bei ya vyote vitatu ni sehemu ndogo tu ya bei ya redio.

Kwa mwenye magari yanayovuka mipaka tofauti hiyo si ndogo. Redio mpya haifungwi kama balbu. Ni lazima ipangiwe chaneli kwa kompyuta ili ilingane na magari mengine ya kampuni, iwe ya aina iliyoidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika, na kibali cha masafa kiitambue. Wakati hayo yanashughulikiwa lori limesimama, mzigo haujafika na posho ya dereva inaendelea kuhesabiwa.

Chukulia, kwa mfano tu, mwenye lori anayekadiria kupoteza dola 150 kwa kila siku ambayo gari halitembei. Akisubiri redio kwa siku 3 amekwisha kupoteza dola 450 kabla ya kulipia redio yenyewe. Kama kilichoharibika ni uzi mmoja wa shaba uliokatika ndani ya waya wa maiki, fedha hizo zimeyeyuka kwa kazi ambayo fundi mwenye pasi ya kuchomelea risasi angeimaliza kwa muda wa kunywa chai.

Kwa nini redio bado imo garini

Simu ya mkononi haijaiua redio ya upepo, hasa katika njia zinazoelekea kaskazini. Simu humpata mtu mmoja. Redio huwapata wote kwa mara moja. Gari la mbele likikuta daraja limezolewa na maji, au mti umelazwa katikati ya barabara mahali ambapo hakuna upepo wa kuuangusha, neno moja linatosha kuyasimamisha malori yote yaliyo nyuma. Redio haihitaji salio wala mnara wa kampuni ya simu.

Barabara ya Nimule hadi Juba ni mfano mzuri. Ina urefu wa kilomita 192, na uwekaji wake wa lami ulikamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani. Ndiyo njia kuu ya kuingizia Sudan Kusini bidhaa zinazotoka Mombasa na Kampala. Lami ilipunguza muda wa safari lakini haikuondoa hatari. Mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda walisimamisha malori yao Elegu, upande wa Uganda, wakakataa kuvuka baada ya wenzao kuuawa, na wakadai ulinzi barabarani. Katika njia ya namna hiyo, gari lisiloweza kusema ni gari lililo peke yake hata kama limetanguliwa na mengine ishirini.

Magari ya mashirika ya Umoja wa Mataifa na ya misaada yamekuwa yakifungwa redio za VHF na HF kwa sababu hiyo hiyo. Magari ya watalii katika mbuga za Kenya na Tanzania nayo huzitumia, ingawa huko mazungumzo huwa zaidi juu ya mahali alipoonekana simba.

Vitu vinne ndani ya kiganja

Maiki ya mkono huonekana kama kitu kimoja, lakini ndani yake mna vitu vinne tofauti na kila kimoja hufa kwa namna yake. Kuna kinasa sauti, kijipande cha mviringo kilichojificha nyuma ya vitundu. Kuna kitufe cha kuongelea, kilicho ubavuni. Kuna waya ulioviringika kama springi. Mwisho wa waya kuna plagi inayoingia kwenye redio, na katika redio nyingi za kibiashara plagi hiyo ni ya plastiki, ya miguu 8, inayofanana kabisa na ile ya kebo ya kompyuta.

Baadhi ya redio za HF zimeongeza mzigo juu ya kifaa hiki. Codan NGT, ambayo imetumika sana katika magari ya misaada, imeweka kioo na vibonyezo vyote kwenye maiki yenyewe. Hapo waya ukikatika dereva hapotezi sauti tu, bali hata uwezo wa kubadili chaneli.

Katika kazi ya kila siku, vitu vinavyotembea ndivyo vinavyochakaa. Redio imefungwa kwa skrubu chini ya dashibodi na haitikisiki ovyo. Maiki huvutwa, huanguka, hukaliwa, humwagikiwa soda na hula vumbi jekundu. Waya wake hujikunja na kukunjuka kila dereva anapoongea. Ndiyo maana ni busara kuanza na kitu hicho cha bei nafuu na kurudi nyuma kuelekea kwenye redio, wala si kuanza na redio.

Anza na taa

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji kifaa chochote. Dereva abonyeze kitufe huku akiiangalia redio. Redio nyingi huwasha taa nyekundu, au alama kwenye kioo, kuonyesha kwamba zinarusha. Gari la pili liwe umbali wa mita hamsini au mia, na mtu ndani yake asikilize.

Taa isipowaka kabisa, agizo la kurusha halifiki. Mambo yanayoweza kusababisha hali hiyo ni kitufe kibovu, waya wa kitufe uliokatika, au plagi isiyokaa sawa. Kuna pia chaneli ambazo zimepangwa kupokea tu, na kuna redio zilizopangwa kukataa kurusha wakati mtu mwingine yuko hewani. Basi jaribio lifanyike kwenye chaneli inayojulikana kwamba huongea, wakati pakiwa kimya.

Taa ikiwaka lakini gari la pili lisisikie sauti, swali ni je, gari hilo limesikia nini badala ya sauti. Kwenye redio za VHF na UHF za kawaida, mkwaruzo ukikatika na taa ya kupokea ikawaka bila neno lolote, maana yake redio inarusha vizuri ila haipewi sauti. Hapo redio imejitetea yenyewe: kosa linaelekea liko kwenye kinasa au kwenye waya unaopeleka sauti. Kwenye HF hali ni nyingine. Mtindo wa kurusha unaotumika huko hautoi nguvu yoyote mpaka mtu aongee, hivyo maiki iliyokufa haitasikika hata kwa ukimya. Mwenye redio ya HF aangalie kipimo cha nguvu kwenye kioo, kama kipo. Kinapaswa kuruka kufuata maneno.

Na ikiwa kila dereva anapobonyeza kitufe redio inazimika na kuwaka upya, asiilaumu maiki. Redio ya gari inayorusha kwa wati 25 au zaidi hunywa umeme mara nyingi zaidi ya inavyokunywa ikiwa inasikiliza tu. Betri dhaifu, fyuzi iliyolegea au waya mwembamba wa umeme hujulikana wakati huo huo.

Jaribio la pili ndilo la uhakika kuliko yote, nalo ni la bure: kubadilishana maiki na gari jingine lenye redio ya aina ile ile na mfano ule ule. Maiki nzima ikifanya kazi kwenye redio inayolaumiwa, kesi imekwisha. Maiki inayolaumiwa ikigoma pia kwenye redio nzima, kesi imekwisha mara mbili. Msafara wa magari kumi una maiki kumi za kujaribia, na inashangaza kwamba redio hufunguliwa kabla ya jambo hili kufanyika.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Plagi kufanana si ushahidi kwamba maiki zinafanana. Motorola, Kenwood na Icom zote zimetumia plagi za aina ya kompyuta, lakini mguu unaobeba sauti kwa mmoja unaweza kubeba umeme kwa mwingine. Kuchomeka maiki ya kampuni moja kwenye redio ya kampuni nyingine kunaweza kugeuza tatizo la maiki kuwa tatizo la redio kweli.

Waya wa springi

Ikiwa maiki inasema mara inanyamaza, shuku waya. Dereva abonyeze kitufe na kuhesabu taratibu, moja, mbili, tatu, huku utingo akiukunja waya kidogo kidogo, kwanza karibu na plagi, kisha karibu na maiki, halafu katikati. Anayesikiliza kwenye gari la pili aseme namba zipi zilipotea. Waya hukatika zaidi kwenye ncha zake mbili, pale unapotoka kwenye mpira wa kuushikilia, kwa sababu hapo ndipo unapopindwa kila siku. Ganda la nje huwa zima kabisa, hivyo macho hayasaidii.

Plagi nayo ina udhaifu wake. Ulimi mdogo wa plastiki unaoishikilia hukatika mtu anapoing'oa kwa nguvu, na tangu hapo plagi hurudi nyuma kidogo kidogo kwa mtikisiko wa barabara. Dereva akiisukuma kwa kidole redio inaongea. Baada ya matuta machache inanyamaza. Wako wanaoifunga kwa gundi ya karatasi au utepe. Inafaa kwa kufika mwisho wa safari, si kwa mwaka mzima.

Miguu ya shaba ya plagi ikiwa na ukungu wa kijani, jambo la kawaida kwa magari yanayolala Mombasa au Dar es Salaam karibu na chumvi ya bahari, isafishwe kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme na mswaki laini. Petroli na thina visikaribie, kwa kuwa huyeyusha plastiki.

Fundi akishapata kwamba waya umekatika karibu na ncha ya upande wa maiki, kazi ni nyepesi. Skrubu mbili au tatu za mgongoni zinafunguliwa, kipande kibovu kinakatwa, na nyuzi zinaunganishwa upya kwa risasi mahali pale pale zilipokuwa. Zipigwe picha kwa simu kabla ya kuguswa, kwani rangi za nyuzi hazina sheria moja. Mpira wa kuushikilia waya urudishwe kwenye nafasi yake. Ukiachwa, mvuto wote utaziangukia nyuzi zenyewe na baada ya wiki mbili kazi itarudiwa. Uzi wa sauti kwa kawaida umezungukwa na wavu mwembamba wa shaba. Wavu huo si pambo. Usipounganishwa, maiki itaongea lakini kwa mvumo mkubwa.

Upande wa plagi ni mgumu zaidi. Koleo la kubania plagi za kompyuta linapatikana kwa mafundi wa mitandao katika miji mingi ya mpakani, lakini fundi huyo amezoea mpangilio wa kompyuta, si wa redio. Nyuzi zikigeuzwa mpangilio hata mbili tu, umeme unaweza kwenda pasipotakiwa.

Kitufe kilichokwama ni hatari zaidi ya maiki iliyokufa

Maiki iliyokufa humnyamazisha dereva mmoja. Kitufe kilichokwama kikiwa kimebonyezwa humnyamazisha kila mtu.

Redio inaporusha haipokei. Dereva aliyekalia maiki yake, au ambaye kitufe chake kimeganda kwa soda na vumbi, anaishika chaneli nzima bila kujua, na hakuna awezaye kumwambia kwa redio kwa sababu yeye hasikii. Yeye ndiye wa mwisho kupata habari. Wengine wanasikia muungurumo wa injini, muziki wa kaseti au mazungumzo yake na utingo, pengine yasiyofaa kusikiwa na tajiri. Anayetaka kutoa taarifa ya ajali kilomita tano mbele hawezi kupenya, isipokuwa awe karibu sana na anaowaita kiasi kwamba mawimbi yake yazidi nguvu ya yule aliyekwama.

Redio za kibiashara zina kinga ya jambo hili, nayo ni muda wa ukomo wa kurusha. Fundi anayepanga chaneli anaweza kuiamuru redio ikate yenyewe baada ya, kwa mfano, dakika 1 na kutoa mlio. Kuna redio zinazopita miaka zikiwa hazijawekewa ukomo huo kwa sababu tu hakuna aliyeuomba. Mwenye magari anapopeleka redio kupangwa, hilo ni jambo la kuulizwa kabla ya kulipa, kwa kuwa haliongezi gharama na pia huiokoa redio isiungue kwa joto la kurusha mfululizo.

Namna ya kumpata mwenye kosa ni ya kizamani: simu pale penye mtandao, au magari yote yasimame na kila maiki ichomolewe kwa zamu mpaka chaneli ifunguke. Redio za kidijitali zimerahisisha kazi, kwa kuwa huonyesha kwenye kioo cha wanaopokea namba ya redio inayorusha.

Kitufe chenyewe kikifunguliwa huonekana ni swichi ndogo iliyofunikwa kwa mpira. Uchafu husafishwa. Swichi iliyopoteza springi yake ibadilishwe. Kuinyoosha kwa bisibisi ni kuahirisha tatizo mpaka katikati ya safari.

Kinasa na pini ya dereva

Sauti ikisikika lakini hafifu, kana kwamba mtu anaongea akiwa ndani ya pipa, kwanza viangaliwe vitundu vya mbele. Vumbi likichanganyika na mate na jasho hutengeneza udongo unaoviziba. Hapo ndipo dereva mwenye haraka huchukua pini na kuvizibua, na mara nyingi pini hiyo hutoboa utando mwembamba wa kinasa ulio nyuma yake. Maiki iliyokuwa hafifu inakuwa imekufa. Njia sahihi ni kuifungua na kuvisafisha vitundu kwa mswaki mkavu kutoka upande wa ndani, kinasa kikiwa kimesogezwa pembeni.

Baadhi ya malalamiko ya sauti hafifu hayana ubovu wowote. Maiki hizi zimetengenezwa kusikia mdomo ulio karibu. Umbali wa sentimita tano, kinywa kikiwa kimeelekea kidogo pembeni ya vitundu ili pumzi isivume, unatosha. Anayeishika maiki kifuani, au anayepiga kelele huku ameigusisha midomo, wote wawili hawaeleweki, na wa pili huilaumu redio kwa sauti kubwa zaidi.

Kuna aina mbili za kinasa na fundi lazima ajue anashika ipi. Ile ya zamani ina koili na sumaku, na haihitaji umeme. Ikipimwa kwa mita huonyesha mamia kadhaa ya ohm, na hutoa mkwaruzo mdogo ncha za mita zinapoigusa. Ikionyesha kwamba njia imekatika, koili imekufa. Aina ya pili, iliyo ndogo kama kifungo cha shati, huhitaji volti chache kutoka kwenye redio ili ifanye kazi. Hii haipimwi kwa ohm. Hupimwa ikiwa imechomekwa na redio imewashwa: volti zikiwapo kwenye miguu yake na sauti haipo, kinasa kimekufa, volti zisipokuwapo, waya umekatika au redio haitoi. Hapo tu ndipo redio yenyewe inaanza kushukiwa.

Kitufe nacho hupimwa kwa mita, maiki ikiwa imechomolewa. Katika redio nyingi kitufe huunganisha uzi mmoja na ule wa ardhi. Kikiachiwa pasiwe na njia. Kikibonyezwa mita ishuke karibu na sifuri na itulie hapo hata waya ukipindwa. Namba zikirukaruka, waya. Maiki zenye vibonyezo vingi na vifaa vya elektroniki ndani yake hazifuati kanuni hii nyepesi, na kwa hizo jaribio la kubadilishana linabaki kuwa hakimu.

Makosa ambayo maiki husingiziwa

Malori mengi makubwa yana umeme wa volti 24, na redio nyingi za gari zimetengenezewa volti 12 hadi 14. Katikati hufungwa kifaa cha kupunguza umeme. Kifaa hicho kikiwa hafifu huingiza mlio ndani ya sauti inayorushwa, na wanaopokea husema maiki ya gari hilo ni mbovu. Jaribio ni rahisi: dereva aongee injini ikiwaka, kisha aizime na kurudia maneno yale yale. Mlio ukipotea injini inapozimwa, umetoka kwenye altaneta. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini ni altaneta bila ubishi. Mlio usiobadilika hata injini ikizimwa, kipunguza umeme ndicho cha kuangaliwa.

Wengine huepuka kununua kifaa hicho kwa kuifunga redio kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo hutumika zaidi ya mwenzake, chaji huenda kombo, na baada ya miezi mwenye lori ananunua betri mbili. Hesabu hiyo haijawahi kuwa na faida.

Antena iliyolegea au iliyopoteza muunganisho wake na bodi ya gari ni mshukiwa mwingine. Sehemu ya mawimbi hurudi ndani ya gari, hupanda kwenye waya wa maiki na kuifanya sauti ikoroge au kukatikakatika hasa nguvu ya kurusha ikiwa kubwa. Ikiwa sauti inanyooka redio inapowekwa kwenye nguvu ndogo, fundi apande juu ya kabini akague antena kabla ya kufungua maiki. Na mtu asirushe kamwe kwa redio isiyo na antena, hata kwa jaribio la sekunde chache. Ndiyo njia ya haraka ya kuiunguza kweli.

Kuna pia kibanio cha kutundikia maiki. Katika redio nyingi kibanio hicho kimeunganishwa na bodi, na maiki ikitundikwa redio hujua. Kibanio kikifungwa kwenye plastiki bila waya wa ardhi, redio hudhani maiki iko mkononi wakati wote, na kwa mipango fulani ya chaneli itafungulia mazungumzo ya watu wasiohusika. Dereva husema redio imeingiliwa. Waya mmoja wa ardhi humaliza maneno.

Maiki ya akiba na karatasi za mpakani

Kampuni yenye redio za aina moja katika magari yote inahitaji maiki chache tu za akiba kwa msafara mzima. Kampuni iliyonunua redio za aina nne kwa nyakati tofauti, kila mara ikifuata iliyokuwa na bei ya chini siku hiyo, inahitaji akiba nne, na katikati ya njia hakuna gari linaloweza kumsaidia jirani yake. Hii ni gharama isiyoonekana kwenye risiti ya ununuzi.

Sokoni kuna maiki za kuiga zenye umbo la maiki za kampuni kubwa. Baadhi hufanya kazi. Nyingine zina waya mwepesi na mpira mgumu unaopasuka mapema. Mnunuzi aijaribu kwenye redio yake mwenyewe kabla ya kutoka dukani, aivute waya kidogo huku akiongea, na aulize kama ni ya mfano wa redio yake hasa, si wa kampuni tu.

Kubadilisha maiki hakugusi kibali cha masafa. Kubadilisha redio kunaweza kugusa. Vibali hutolewa na kila nchi kwa upande wake: Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya, TCRA Tanzania, UCC Uganda, RURA Rwanda. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 2022, lakini uanachama huo haukufanya masafa aliyopewa mtu Nairobi yawe halali Juba au Goma. Dereva anayebandikiwa redio nyingine haraka haraka mjini, yenye namba isiyolingana na karatasi zake, anaweza kufika mpakani na swali asiloweza kulijibu, ilhali kasoro ilikuwa ni waya wa maiki.

Maiki iliyokufa isitupwe. Kibanio, skrubu, ganda na hata plagi yake vinaweza kumwokoa mwenzake wa aina ile ile. Ifungwe kitambaa chekundu kabla ya kuwekwa stoo, isije ikachukuliwa usiku na dereva mwingine akidhani ni ya akiba.